Jioni bila mrija: namna ya kupata na kuhudhuria mikutano ya kuacha pombe Uganda

Anayekunywa malwa, ile pombe ya ulezi ya kunywa kwa mrija, tayari ni mwanachama wa kikundi. Chungu kiko katikati, maji ya moto yanaongezwa kila yakipungua, na kila mtu ana mrija wake na kiti chake. Kuna mwenyekiti na mweka hazina, kuna faini kwa anayeanzisha ugomvi, na mmoja akifiwa wenzake wanachanga. Mtu wa namna hii akiambiwa "amua tu uache," anaambiwa aache pombe, na pia awaache watu anaokaa nao kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni. Hata mnywaji wa waragi, pombe kali ya Uganda, anayejifungia chumbani ana saa zake, na saa hizo zikifika ndipo nia ya asubuhi inapoyeyuka.

Kwa hiyo usiutarajie mkutano wa kuacha pombe ukuondolee kiu kwa hotuba. Kazi yake ni kukupa watu wengine wa kukaa nao na wa kuwapigia simu, hasa katika saa zile zile. Ukilishika hilo, utachagua kikundi kwa kuangalia kwanza kinakutana saa ngapi na kiko umbali gani kutoka kwako, kabla ya kuuliza kinaitwaje.

Mwongozo huu ni wa msemaji wa Kiswahili aliyeko Uganda: dereva wa lori anayesubiri foleni Malaba au Elegu, askari wa kambini, Mkongo wa Nakivale au wa Katwe, Mnubi wa Bombo, Mkenya aliyekuja kusoma Kampala. Na ni wa ndugu zao pia, maana mara nyingi wao ndio wanaoanza kutafuta.

Kwanza: mwili wako unaweza kuacha ghafla?

Hapa sitapita haraka, kwa sababu watu hufa. Ukiwa unakunywa sana kila siku, na asubuhi huwezi kushika kikombe mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani ili ufike kwenye mkutano ukiwa msafi. Mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu ukinyimwa kwa mara moja unaasi. Ndani ya saa 6 hadi 24 mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, usingizi hauji. Katika siku mbili za kwanza mtu anaweza kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine wanaweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanasikia sauti, hawajui wako wapi. Ndugu watasema amerogwa au ana mapepo. Huyo ni mgonjwa wa dharura, mahali pake ni hospitali, usiku huo huo.

Kama uliwahi kuanguka hivyo ulipojaribu kuacha, au kuweweseka, au una kifafa, mimba, ugonjwa wa ini au kisukari, anza hospitalini. Kuna dawa za kuutuliza mwili kwa siku chache, diazepamu ikiwa mojawapo, na kuna vitamini B1 ambayo walevi wengi wameishiwa nayo na ambayo ukosefu wake unaharibu ubongo. Usizinunue mwenyewe kwenye duka la dawa. Diazepamu ikikutana na waragi inaweza kuzima pumzi.

Uganda hospitali kubwa ya taifa ya magonjwa ya akili ni Butabika, Kampala, na ndani yake kuna kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Usiogope jina lake. Wengi wanakataa kwenda kwa sababu mtaani "kupelekwa Butabika" ni tusi, lakini kile kitengo kinapokea watu wenye kazi zao na akili zao timamu waliolemewa na chupa. Ukiwa mbali na Kampala, uliza kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa: Gulu, Arua, Lira, Mbale, Soroti, Mbarara, Kabale, Fort Portal na kwingineko. Kijijini, anza na kituo cha afya cha ngazi ya III au IV, au umwulize mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa VHT, akuelekeze.

Na kama mawazo ya kujiua yanakujia, usingoje siku ya mkutano. Mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe akupeleke hospitalini sasa hivi.

Kunywa kwako kusipokuwa kwa kiwango hicho, ruka hatua hii na uende moja kwa moja kutafuta mkutano. Wala usisubiri mpaka uwe tayari. Mkutano haudai uwe umeshaacha.

Mikutano ya aina gani ipo

Inayojulikana zaidi duniani ni ya Alcoholics Anonymous, ambayo kila mtu anaiita AA. Ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, pale wanywaji wawili walioshindikana, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari mpasuaji, walipogundua kwamba wakizungumza wao kwa wao hamu inatulia. Hakuna ada ya uanachama, hakuna fomu, na sharti ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Mpango wake una Hatua 12, na vikundi vinaendeshwa kwa Mila 12. Hakuna daktari wala mchungaji anayesimamia. Wanaoongoza ni walevi walioacha.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, walichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, nyingi zikiwa za Marekani. Walioingizwa kwa mpangilio katika AA walifanya vizuri kuliko waliopewa tiba nyingine za mazungumzo, kwa kipimo cha kukaa bila pombe kabisa. Hiyo haina maana kwamba kila mtu atapona, ila inatosha kuipa nafasi ya haki.

Mbali na AA kuna vikundi vya makanisa, vikundi vya waliotoka kwenye vituo vya kurekebisha tabia, vikundi vinavyoongozwa na mshauri wa kliniki, na SMART Recovery, ambayo haina mambo ya dini na inapatikana mtandaoni. Mimi sina ugomvi na kikundi chochote ilimradi kipite mtihani huu: hakikuambii uache dawa ulizoandikiwa na daktari, hakikuombi pesa za kukuombea, hakikufungii ndani. Kikishindwa hata kimoja, toka.

Kuutafuta

Kwa Uganda, njia ya mdomo bado inashinda ya intaneti. Orodha za mitandaoni huchelewa: kikundi kinahama ukumbi, mwenye simu anabadilisha laini, na orodha inabaki vile vile. Fanya hivi.

Piga simu au nenda kwenye kituo cha kurekebisha waraibu kilicho karibu nawe, hata kama huna mpango wa kulazwa wala pesa za kulazwa. Kwa upande wa Kampala na Entebbe, Serenity Centre ya Lweza ni mojawapo inayojulikana. Swali lako ni fupi: "Mnajua mikutano ya AA inafanyika wapi na siku gani?" Watu wa vituo hivi wanajua, kwa sababu wanaomaliza matibabu wanaelekezwa huko.

Ukiwa Butabika au kwenye kliniki ya afya ya akili ya mkoa, usimwulize daktari peke yake. Muulize sista au mshauri nasaha anayekaa na wagonjwa, ndiye mwenye namba za watu. Vilevile uliza kwenye ofisi ya parokia au ya msikiti iwapo kuna kikundi kinachoazima chumba. Mikutano mingi duniani inafanyika kwenye madarasa ya makanisa bila ya kuwa ya kanisa.

Kwenye makazi ya wakimbizi, kama Nakivale, Kyaka II, Kyangwali, Rwamwanja au Bidi Bidi, anzia kwa wahudumu wa msaada wa kisaikolojia. TPO Uganda ni shirika moja linalofanya kazi hiyo nchini. Hata wasipokuwa na kikundi cha pombe peke yake, mara nyingi wana vikao vya wenye msongo wa mawazo, na utashangaa ni wangapi pale wanaokunywa ili walale.

Mwisho kabisa, fungua simu. Tovuti ya aa.org na programu ya Meeting Guide zinaonyesha mikutano iliyosajiliwa. Ukiona mkutano wa Kampala hapo, usipande teksi kabla ya kuthibitisha kwa simu.

Simu ya kwanza

Watu wanaiogopa simu hii kuliko mkutano wenyewe. Andika maneno kwenye karatasi, piga asubuhi ukiwa hujanywa, na useme kwa ufupi. Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Habari za asubuhi, ndugu. Naitwa Musa. Nimepewa namba hii na sista wa kliniki. Nina shida ya pombe, ningependa kuja kwenye mkutano."

"Karibu sana, kaka Musa. Uko upande gani?"

"Niko Nsambya."

"Hapo si mbali. Tunakutana Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni. Ukifika getini mwambie askari unakwenda kwenye mkutano wa chumba cha nyuma. Nitakuwa pale nje nakungoja."

Uliza mambo manne tu: siku na saa, ukishuka kwenye teksi au boda uulizie wapi, lugha inayotumika, na kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi unamkaribisha yeyote, hata mke, mume au kaka anayekusindikiza. Wa ndani ni wa wenye shida ya pombe wenyewe.

Angalizo kuhusu saa. Ukipokea ujumbe wa Kiingereza unaosema "5:30 pm," hiyo ni saa kumi na moja na nusu yetu. Wapo waliofika saa sita baadaye wakakuta mlango umefungwa, wakarudi kwenye chungu wakisema kikundi hakipo.

Siku yenyewe

Kula kabla ya kutoka. Njaa na kiu ya pombe zinajifananisha, na mtu aliyeshinda bila chakula jioni hawezi kuzitofautisha.

Panga njia isiyopita mbele ya baa yako. Nasema kwa uzito. Kama steji yako ya boda iko mkabala na pale unaponywea, tembea mpaka steji ya pili. Kama mwenye boda wako ndiye mwenzako wa kunywa, tafuta mwingine kwa siku hiyo. Weka nauli ya kwenda na kurudi, na kiasi kidogo tu cha ziada. Pesa nyingi mfukoni saa kumi na mbili jioni ni mtihani usio wa lazima.

Fika dakika kumi kabla. Anayechelewa anaingia huku watu wote wamegeuza shingo, na kwa mtu mwenye aibu hiyo inatosha kumrudisha. Ukifika mapema utamkuta mtu mmoja anapanga viti au anachemsha chai. Msaidie kupanga. Mikono ikiwa na kazi, maneno yanakuja yenyewe.

Kwenye geti la hospitali au kituo askari anaweza kukuletea kitabu cha wageni. Jina la kwanza na "mkutano" vinatosha. Huna deni la kumweleza zaidi.

Ndani mnafanya nini

Mikutano mingi ni ya saa moja hadi saa moja na nusu. Mwenyekiti wa siku anafungua, kwa kawaida kwa ukimya kidogo au sala fupi ya kuomba utulivu wa kuyakubali yasiyobadilika na ujasiri wa kuyabadili yanayowezekana. Yanasomwa maelezo ya AA ni nini, pengine na Hatua 12. Kisha watu wanazungumza mmoja mmoja: "Naitwa Grace, mimi ni mlevi." Wengine wanajibu, "Karibu, Grace." Anaeleza alivyokuwa akinywa, kilichotokea, na alivyo sasa. Hakuna anayemkatiza, hakuna anayemshauri wala kumsahihisha. Kwa sisi tuliolelewa kwenye vikao ambako kila mzee lazima atoe neno lake, ukimya huo mwanzoni ni mgumu kweli. Uvumilie. Ndio unaomfanya mtu aseme yale ambayo hajamwambia hata mkewe.

Zamu yako ikifika una haki ya kusema: "Naitwa Musa, leo nitasikiliza tu." Hakuna atakayekusukuma. Ukitaka kusema, dakika tatu zinatosha. Usihubiri, usitaje majina ya wenzako wa kunywa, na usieleze ladha ya kinywaji. Mwenye siku mbili bila pombe ameketi mbele yako.

Linapitishwa kapu au kofia. Ni kwa ajili ya chai na kodi ya chumba. Weka shilingi 500 au 1,000 ukiwa nazo, usipokuwa nazo pitisha kapu kwa jirani. Mtu akikudai ada ya kujiandikisha kwa jina la AA, huyo anafanya biashara yake.

Baadhi ya vikundi vinatoa kisarafu au kishikizo cha ufunguo kwa anayeanza, kwa mwezi wa kwanza, kwa mwaka. Chukua. Mtu mzima kupigiwa makofi kwa kukaa saa 24 bila kunywa kunaweza kukuchekesha, lakini aliyewahi kuzihesabu saa hizo hacheki.

Kuhusu Mungu: Hatua zinamtaja "Mungu kwa jinsi tulivyomwelewa." Haisemwi ni wa dini gani. Mwislamu anakaa hapo, Mkatoliki anakaa, mlokole anakaa, asiyeamini anakaa. Mwislamu mwenye hofu ya kuonekana akiingia kwenye uwanja wa kanisa anabeba aibu mara mbili, ya pombe na ya mahali. Kwa huyo, mkutano wa hospitalini au wa simu unafaa zaidi kwa kuanzia, na ni halali kabisa kuchagua hivyo.

Lugha

Usijidanganye kwamba utakuta Kiswahili kila mahali. Kampala mikutano huendeshwa kwa Kiingereza na Kiganda. Mikoani, kwa lugha ya pale. Serikali ilikwishakiweka Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sheria haipangi watu wanavyosimulia machungu yao. Uliza kabla, kisha omba ruhusa ya kusema kwa Kiswahili zamu yako ikifika. Karibu kila chumba kina mtu anayekielewa: askari mstaafu, dereva, mama wa soko la mpakani. Ukisema kwa lugha inayokutoka moyoni na nusu ya watu wakaelewa, ni afadhali kuliko kusoma Kiingereza cha kukariri ambacho hata wewe mwenyewe hukisikii.

Kupata wa kumsikiliza kwa Kiswahili ndiko kugumu zaidi, na hapo simu inaokoa.

Mkutano kwa simu

AA ina mikutano ya mtandaoni saa zote za siku. Kwa msemaji wa Kiswahili, tafuta kwanza ya Kenya. Nairobi ina vikundi vya AA vya miaka mingi, na saa yao ni yetu. Afrika Kusini wako nyuma yetu kwa saa moja mwaka mzima. London wako nyuma kwa saa mbili au tatu kufuatana na majira, New York kwa saba au nane. Kwa hiyo mkutano wa New York wa saa mbili usiku kwetu ni saa tisa au kumi alfajiri, ambayo kwa mtu aliyekosa usingizi katika wiki ya kwanza inaweza kuwa baraka.

Zima kamera. Kabla ya kuingia badilisha jina linaloonekana, kwa sababu simu nyingi zinaweka jina lako kamili. Kusikiliza sauti tu bila picha kunabana bando. Na kwa anayeishi kwenye muzigo wa chumba kimoja, au kwenye yuniporti, kibanda cha bati cha kambini, ambako jirani anasikia hata kijiko kikianguka, tumia vidude vya masikioni na uandike ujumbe badala ya kusema. Dereva aliyepaki Malaba ana ukumbi mzuri kuliko wengi: kabini, vioo juu, saa nzima.

Ila mkutano wa simu usiwe ndio wa pekee milele. Hakuna anayeweza kunusa pumzi yako kwenye simu, wala kukuona ukiwa umekonda.

Siri inalindwaje

Sheria ya chumba ni kwamba uliyemwona na uliyoyasikia yanabaki humo. Walio wengi wanaiheshimu. Kinachovuja si midomo kila mara, ni simu. Ukiingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kikundi, wote wanaona namba yako, picha yako na yale maneno uliyojiandikia chini ya jina. Na anayetaka jina lako kamili aanze tu kutuma pesa kwa namba hiyo. Kabla hajathibitisha, jina ulilosajilia laini linatokea. Kama wewe ni mwalimu, afisa wa polisi au mtu anayejulikana mtaani, toa namba yako kwa watu wawili watatu na kundi la WhatsApp uliache kwanza.

Kukutana na mtu unayemfahamu ndani ya chumba kunatisha mara moja tu. Naye amekuja kwa sababu ile ile.

Kwa mwanamke, na kwa familia

Mama anayekunywa hufichwa na kujificha zaidi. Wengine ndio wapishi wa lira-lira yenyewe, ile waragi ya kienyeji, na wanalipa ada za shule za watoto kwa kazi hiyo, kwa hiyo kuacha kunywa huku wanaonja ili wauze ni vita vya kila siku. Hilo liseme wazi mbele ya kikundi, maana watahitaji kukusaidia kufikiria kazi nyingine. Uliza kama kuna mkutano wa wanawake au wa mchana. Namba za simu chukua za wanawake wenzako. Mwanamume anayekushika sana mkono wiki yako ya kwanza, akitaka mkutane pembeni, mwambie mwenyekiti au mwanamke wa siku nyingi mle ndani. Mambo hayo yapo, na vikundi vizuri vinayakemea.

Kwa mke, mume, mzazi au shemeji wa mlevi kuna Al-Anon, iliyoanza 1951, nayo ina mikutano ya mtandaoni. Huko hufundishwi namna ya kumwachisha. Unajifunza kuishi bila kumwaga chupa zake usiku na kumdanganyia bosi wake asubuhi. Mtoto anayepigwa au kutelekezwa nyumbani kwa sababu ya pombe anaweza kupiga 116, namba ya bure ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, na jirani anaweza kuipiga kwa niaba yake.

Baada ya mkutano wa kwanza

Usiondoke mara baada ya sala ya mwisho. Ile robo saa ya chai ndiyo yenye faida kubwa kuliko hotuba zote. Omba namba za watu wawili wa jinsia yako, na uwapigie kesho yake ukiwa mzima, hata kama huna la kusema: "Habari mzee, ni Musa wa jana, nimesema nikusalimie tu." Ukiwa hujawahi kuwapigia ukiwa salama, usiku wa hatari hutawapigia.

Mkutano wa kwanza usiutumie kuhukumu. Nenda angalau mara sita, ikiwezekana vikundi viwili tofauti. Kimoja kitakuwa cha watu waliosoma na magari nje, kingine cha waliotoka wodini. Hujui utakaa wapi vizuri mpaka ukae. Marekani humwambia anayeanza ahudhurie mikutano 90 kwa siku 90. Kwa nauli za hapa si rahisi. Mkutano mmoja au miwili ya kukaa ana kwa ana kwa wiki, na ya simu siku nyingine, inatosha kuzijaza zile jioni.

Ukishazoea, tafuta sponsa. Ni mtu aliyekaa muda bila kunywa, anayekupitisha kwenye Hatua na kupokea simu zako. Awe wa jinsia yako, awe mtu unayempata akiwa mzima saa za usiku, na asiwe bosi wako, mdeni wako wala mwenye nyumba wako. Halipwi. Asipofaa, unabadilisha bila kesi.

Ukiteleza, rudi mkutano unaofuata. Hufukuzwi. Hata ukifika na harufu unaruhusiwa kukaa, ila nyamaza usikilize, na usije ukiendesha boda wala gari. Lililo baya kuliko kunywa siku ya Jumamosi ni kukaa nyumbani Jumanne kwa aibu.

Pasipo na kikundi

Kuna miji na makazi ambako utauliza kote ukose. Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi wasifungamane na dhehebu, chama au kampuni yoyote. Muulize sista wa kliniki akuunganishe na mgonjwa mmoja aliyekubali. Ombeni chumba cha kituo cha afya baada ya saa za kazi, au darasa. Mwarifuni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwenye makazi ya wakimbizi viongozi wa RWC, baraza la wakimbizi wenyewe, kwamba ni kikao cha kuacha pombe; watu wanaokutana jioni kila wiki bila kueleza huzua maneno. Chagueni siku moja na saa moja msizozibadilisha, ikiwezekana siku ya mishahara au ya soko, maana ndiyo siku pombe inayovuta zaidi. Mmoja ashike ufunguo, mwingine alete sukari na majani ya chai. Wiki ambayo mwenzako hakuja, fungua mlango hata hivyo, ukae saa nzima, umpigie simu ukiwa hapo hapo.